Siku ya Tatu ya Kongamano Iletwe Ayany

Muuguzi wa zahanati hapa Kibera anapofunga hesabu za mwezi, idadi ya watoto waliochanjwa na ya akina mama waliokuja kliniki haiishii kwenye daftari lake. Huingizwa katika mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya, na mfumo huo umejengwa juu ya DHIS2, programu ya mtandaoni iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011. Katika chumba cha pili, mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi huenda rekodi zake zimo katika KenyaEMR. Hiyo nayo imesimama juu ya OpenMRS, programu ambayo historia yake inapitia Eldoret na kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, ambako rekodi za wagonjwa zilianza kuwekwa kwenye kompyuta mwaka 2001.

Toka kwenye zahanati hiyo, panda kuelekea Olympic, na hali ni ile ile. Kanisa lina tovuti, shule ya kibinafsi ina tovuti, hata mwenye duka la viatu anayepokea oda kwa simu ana tovuti. Nyingi za aina hiyo huendeshwa kwa WordPress, programu iliyozaliwa Mei 2003 na ambayo leo imebeba zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani. Kijana wa saiba anayemjazia jirani fomu ya eCitizen anatumia kivinjari ambacho sehemu kubwa ya msimbo wake iliandikwa hadharani, na nyingi za seva zinazomjibu duniani zinaendeshwa kwa Linux.

Zote hizi ni programu huria au zimejengwa juu ya programu huria. Msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuwagawia wengine bila kuomba ruhusa ya mtu, mradi aheshimu masharti ya leseni. Hakuna kampuni inayoweza kuamka asubuhi na kuifungia mlango zahanati yetu. Lakini pia hakuna kampuni moja inayolazimika kuzitunza. Hutunzwa na watu, wengi wao wakijitolea, waliotawanyika katika nchi nyingi. Watu hao hukutana ana kwa ana katika makongamano ya jamii ya wasanidi, na nimehudhuria makongamano ya aina hiyo hapa Nairobi. Nimetoka huko na hoja moja ambayo sisikii ikitajwa: tunayasifu makongamano haya kwa zile siku za mihadhara na picha, ilhali siku inayobeba maana yake yote tunaiacha ipite. Siku hiyo ni siku ya kuchangia. Nami nasema iletwe Ayany, hapa hapa Kibera.

Tusianze kwa kudhani kwamba tunazungumzia jambo la mbali. Kongamano la kwanza la WordCamp, la jamii ya WordPress, lilifanyika San Francisco mwaka 2006. Tangu hapo limefika miji mingi ya dunia, Nairobi na Kampala zikiwemo. Mwezi Agosti 2018, Dar es Salaam iliwapokea watu wa FOSS4G, kongamano la kimataifa la programu huria za ramani. Novemba 2023, Zanzibar ilikuwa mwenyeji wa DjangoCon Africa ya kwanza kabisa, kongamano la Django, programu huria ya kujengea tovuti, na Agosti 2025 kongamano hilo likaja Arusha. Septemba 2024, wachoraji wa ramani huria ya OpenStreetMap kutoka pande zote za dunia walikutana hapa Nairobi katika State of the Map. Zamani kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka kuketi meza moja na watu hawa alihitaji viza ya Ulaya au Marekani na tiketi ya ndege. Sasa kuna miaka ambayo anahitaji nauli ya basi tu, au ya matatu.

Na uzuri wa mikusanyiko hii ni wa kweli. Bei ya tiketi huwekwa chini ili asiachwe mtu. Waandaaji ni watu wa kujitolea wanaofanya vikao usiku baada ya kazi zao. Kwa kawaida wazungumzaji hawalipwi kwa mihadhara yao, na wafadhili ndio hubeba gharama za ukumbi na chakula. Kubwa zaidi, hakuna meza kuu. Mtu ambaye msimbo wake umeendesha tovuti yako kwa miaka hupanga foleni ya chai nyuma yako, na ukimuuliza swali anakujibu kwa upole kana kwamba alikuja Nairobi kwa ajili ya swali hilo. Katika nchi ambako sherehe nyingi haziwezi kuanza kabla mgeni wa heshima hajafika, mkutano usio na mgeni wa heshima ni funzo lenyewe.

Ila angalia jinsi wengi wetu tunavyohudhuria. Tunasikiliza, tunapiga picha za slaidi, tunakusanya stika za kubandika kwenye kipakatalishi, tunavaa tisheti ya kongamano, tunabadilishana nambari. Jioni tunarudi nyumbani tukiwa tumetiwa moyo, na Jumatatu tunaendelea kuzitumia programu zile zile kama tulivyozitumia wiki iliyotangulia. Wahenga walishalisema hili kwa maneno machache: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mengi ya makongamano haya nayo yamepangwa kwa hekima hiyo hiyo. Siku ya kwanza au za kwanza ni za mihadhara, kisha inakuja siku ya kazi. Lakini jembe linapotolewa, wageni wengi wameshaondoka.

Siku ya kuchangia haina jukwaa. Kuna meza, soketi za stima, na makundi. Kundi moja linatafsiri, jingine linajaribu toleo jipya kabla halijatoka, jingine linasahihisha maelezo ya matumizi, jingine linashughulikia dosari zilizoripotiwa. Mgeni huanza kwa kuandaa mashine yake: anasakinisha Git, chombo cha kufuatilia mabadiliko ya msimbo, anavuta nakala ya msimbo, anaiwasha programu ifanye kazi kwake mwenyewe. Hatua hiyo peke yake inaweza kumaliza asubuhi nzima, na ndipo wengi wanaojaribu wakiwa nyumbani hukata tamaa. Toleo la lugha ya Python lisilolingana au ruhusa ya faili isiyo sawa humrudisha mtu mwanzo bila maelezo yanayoeleweka. Pale mezani, jirani anatupa jicho kwenye skrini yako, anakuambia andika hivi, na mnasonga mbele.

Kisha unachagua dosari ndogo iliyowekewa alama kwamba inawafaa wanaoanza. Unaifanya itokee kwenye mashine yako. Unautafuta mstari unaoisababisha, unaurekebisha, unaandika jaribio litakalopiga kelele dosari hiyo ikirudi siku nyingine. Unatuma pendekezo la mabadiliko. Mtunzaji wa programu, ambaye huenda yuko meza ya pili au yuko nchi nyingine kabisa, analisoma na kukujibu: mstari huu usogeze, jina hili halieleweki, jaribio lako halijagusa hali ya pili. Unarekebisha, unatuma tena. Anajibu tena.

Huko kutuma na kurudishiwa ndiko shule yenyewe ilipo. Kozi nyingi za mtandaoni zinakufundisha kuandika msimbo unaofanya kazi leo. Hapa unajifunza kuandika msimbo ambao mtu usiyemjua ataweza kuusoma miaka mitano ijayo. Unajifunza kukosolewa hadharani kwa heshima na kujibu kwa heshima. Na pendekezo lako likikubaliwa, jina lako linabaki katika historia ya programu hiyo, mahali ambapo yeyote anaweza kulitafuta na kulipata. Mwajiri wa Nairobi au wa Berlin hatakiwi kukuamini kwa cheti ulichobeba kwenye bahasha. Anafungua na kuona ulichoandika, ulivyojibu ulipokosolewa, na nani aliyekubali kazi yako.

Asije mtu akafikiri kwamba kazi ya namna hii ni ya miji mikuu ya teknolojia pekee. Django, ambayo makongamano ya Zanzibar na Arusha yamebeba jina lake, ilianza mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World, kwenye mji wa Lawrence, jimbo la Kansas. Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakijenga kurasa za gazeti kwa kasi ya makataa ya chumba cha habari, wakatengeneza chombo cha kuwarahisishia kazi. Julai 2005 msimbo huo ukawekwa wazi kwa umma, na baadaye Instagram ikajengwa juu yake. Watu hao walikuwa na tatizo la mahali walipo, wakalitatua, kisha wakawaachia wengine suluhisho. Kibera nayo imewahi kufanya hivyo, na hapa ndipo naomba msomaji asikilize vizuri.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana kwa ghasia. Reli iling'olewa. Soko la Toi liliteketea. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na watu wakawa hawajui kinachoendelea mtaa wa pili. Mapema Januari 2008, mwanasheria Ory Okolloh aliwaomba wataalamu wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao wakaitikia, na ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani, ikipokea ripoti za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Msimbo wake ukawekwa wazi. Haiti ilipokumbwa na tetemeko la ardhi Januari 2010, programu iliyozaliwa katika uchungu wa Kenya ilitumika kukusanya ujumbe wa watu waliohitaji msaada huko. Machi mwaka huo huo, iHub, kituo cha watu wa teknolojia, ikafunguliwa katika jengo la Bishop Magua Centre, Ngong Road, mwendo wa miguu kutoka Makina, Kibera.

Hadi mwaka 2009, Kibera yenyewe ilikuwa karibu haipo kwenye ramani. Mitaa jirani ilichorwa barabara kwa barabara. Kwetu palikuwa patupu. Mwishoni mwa 2009, kundi dogo la vijana wa vijiji mbalimbali vya Kibera, wakifanya kazi na Erica Hagen na Mikel Maron, walizunguka na vifaa vya GPS wakirekodi vichochoro, vyoo, mabomba ya maji, zahanati, shule, makanisa na misikiti, kisha wakaviingiza katika OpenStreetMap. Kazi hiyo ikaitwa Map Kibera. Mwaka uliofuata ikazaa Voice of Kibera, tovuti ya habari za mtaa iliyojengwa kwa programu ya Ushahidi.

Umuhimu wa kazi hiyo unaonekana ukikumbuka jambo lililotokea mwaka ule ule wa 2009. Kwa muda mrefu ripoti na hotuba zilikuwa zikisema kwamba Kibera ina watu hadi milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Mtu anaweza kubishana kuhusu mipaka iliyotumiwa na wahesabu, lakini funzo halibadiliki: mahali pasipojiandikia habari zake huandikiwa na wengine, na wengine huandika wanachohitaji. Vijana wale walipochora njia zao wenyewe, waliweka ukweli ambao mtu yeyote anaweza kuukagua, na akiona kosa, kulisahihisha.

Kwa hiyo wachoraji ramani wa dunia walipokuja Nairobi Septemba 2024, miaka 15 baada ya Map Kibera kuanza, walikuwa wanakuja katika mji ambao tayari ulikuwa umeandika ukurasa katika historia ya kazi yao. Kibera haikuwa imeketi ikingoja kusaidiwa. Ni miongoni mwa waliolima mapema.

Basi mbona vijana wa Ayany, Gatwekera, Kisumu Ndogo, na wenzao wa Kawangware, ni wachache hivyo katika kumbi hizi? Sababu si kwamba hawapendi kompyuta. Pita hapa mtaani jioni utawaona wanaofuata masomo ya JavaScript kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Bei ya tiketi pia si kizuizi kikubwa. Vizuizi viko kando ya tiketi. Kongamano linafanyika Jumamosi, na kwa kijana wa kibarua Jumamosi ni siku ya mapato. Ukumbi uko upande wa pili wa jiji, kwa hiyo ni matatu ya kwenda mjini na nyingine ya kutoka mjini, na kurudi vivyo hivyo. Siku ya kuchangia inamtaka aje na kipakatalishi, na kama anacho, kuna hofu ya kukibeba njiani usiku. Kama hana, atakaa nyuma ya wenzake akiwaangalia wakiandika.

Kisha kuna kizuizi kisichoonekana, na kwangu ndicho kizito zaidi. Mtu huingia kwa urahisi mahali ambapo anamjua mtu mmoja. Mwanafunzi wa chuo kikuu kikubwa anakuja na wenzake watano na mhadhiri wake. Wa Ayany anakuja peke yake, na wakati wa chai anasimama pembeni na simu yake. Hakuna aliyemfukuza, lakini pia hakuna aliyemvuta kiti. Mlango uko wazi, ila hajui kama amealikwa.

Programu hizi zinamhitaji kuliko anavyojua. Aprili 2014, dunia ilishtushwa na dosari iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda siri za sehemu kubwa ya tovuti duniani. Ndipo watu wakagundua kwamba chombo hicho kilichotegemewa na mabenki na serikali kilikuwa kinatunzwa na watu wachache mno, kwa michango midogo. Machi 2024, mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipofuatilia, akakuta mlango wa siri umepachikwa katika XZ, programu ya kubana mafaili ambayo iko katika mifumo mingi ya Linux. Aliyeupachika alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujipatia imani ya mtunzaji aliyekuwa karibu peke yake, na aliyechoka. Mikono ikiwa michache, uwazi wa msimbo hautoshi, kwa sababu kinachomlinda mtumiaji ni macho mengi yanayousoma kwa kweli. Zahanati ya Kibera ina haki ya kuuliza macho hayo yatatoka wapi.

Yako pia mambo ambayo mtu wa hapa huyaona kabla ya mtu wa Oslo au San Francisco. Tovuti inayomaliza bando la mtu kabla haijafunguka ni dosari, na anayejua uzito wa dosari hiyo ni anayenunua bando la siku. Fomu inayopoteza kila kitu stima ikipotea ni dosari. Fomu inayodai jina la barabara na namba ya nyumba kabla ya kukuruhusu kuendelea inawafungia nje watu wa vijiji ambavyo nyumba zake hazina namba. Kiswahili nacho kinahitaji watu wake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Lakini programu hutoka toleo jipya baada ya toleo jipya, na tafsiri isiyo na watu wa kuifuatilia huachwa nyuma. Kazi ya lugha huhitaji meza ya kudumu, yenye watu wanaorudi.

Kuna pingamizi moja ambalo ni lazima lijibiwe kwa uzito, kwa sababu linatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema: kijana wa Kibera hana chakula cha jioni, nawe unamwambia afanye kazi ya bure kwa programu inayotajirisha kampuni za ng'ambo? Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Kampuni nyingi hujenga faida juu ya msimbo huria na hazirudishi kitu. Hata katika uchoraji wa ramani ya Kibera, swali la nani alipwe na nani ajitolee liliibuka mapema. Sitamwambia mtu asiye na kodi ya nyumba kwamba kujitolea ni utukufu.

Ninachosema ni kwamba kumweka mbali na jembe hakumletei chakula. Kunamwacha akijenga tovuti za bei ya chini, akishindana na mamia wenye ujuzi ule ule. Kuna njia zinazolipa, na kuzifikia kunahitaji kuchangia kwanza. Outreachy, kwa mfano, huwalipa watu wanaokabiliwa na ubaguzi au wasiowakilishwa vya kutosha katika teknolojia katika nchi zao dola 7,000 kwa kipindi cha miezi mitatu cha kufanya kazi na mradi wa programu huria, mtu akiwa nyumbani kwake. Kwa viwango vya karibuni vya ubadilishaji, hizo ni takriban Sh900,000. Haidai shahada. Inachodai ni kwamba mwombaji awe tayari amechangia katika mradi anaouomba. Google Summer of Code, iliyoanza 2005, nayo humpa nafasi nzuri zaidi anayeingia akiwa ameshaonekana mradini. Kijana ambaye hajawahi kutuma pendekezo la mabadiliko anafika kwenye malango haya mikono mitupu. Aliyeketi siku moja na mtu wa kumwelekeza anajua pa kuanzia. Na wasichana wetu wana mfano mzuri wa kufuata: warsha za Django Girls, zilizoanza Berlin mwaka 2014, ambazo huwafundisha wanawake kujenga tovuti yao ya kwanza bila malipo, zimeonyesha mahali pengi duniani kwamba mwelekezi mmoja kwa kikundi kidogo hubadilisha kila kitu.

Kwa nini Ayany, na si ukumbi wowote mwingine wa bei nafuu? Kwa sababu ya mahali ilipo. Ayany ni mtaa uliopangwa, wenye nyumba za mawe na stima, jirani na Olympic, na umepakana na vijiji ambavyo havina hivyo. Mtu wa Kisumu Ndogo anafika kwa miguu. Mtu wa mjini anafika kwa matatu moja. Mwisho wa wiki madarasa ya shule zetu hayana masomo. Makanisa yetu hukusanya mamia ya watu kila Jumamosi na Jumapili bila mtu kuuliza kama usalama unatosha. Kuhusu mtandao, taasisi ya Tunapanda, iliyo hapa Kibera, imekuwa ikiwafundisha vijana teknolojia na usanifu, na imejenga TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya mtaa. Uwezo upo. Kinachokosekana ni uamuzi.

Lakini siku hiyo ikija, ije kwa masharti yetu. Kibera imechoka na wageni wanaokuja na kamera wakapiga picha mitaro na watoto, kisha wakaondoka. Ikiwa kongamano linataka Kibera iwe mandhari ya picha zake, afadhali libaki mjini. Wakazi wawe wenyeji: wawe katika kamati ya maandalizi tangu kikao cha kwanza, wapange meza, waamue lugha ya kila kundi. Shule au kanisa lilipwe kodi ya ukumbi kama hoteli ingelipwa. Chapati na maharagwe zinunuliwe kwa akina mama wa vibandani hapa hapa, bei kamili, pesa siku ile ile. Wafadhili walete vipakatalishi vya kuazima, na jenereta ya akiba. Anayepoteza kibarua cha Jumamosi arudishiwe kiasi cha siku, kama vile mzungumzaji wa nje anavyolipiwa malazi. Kila meza iwe na mwelekezi aliyewahi kupokelewa mchango wake, na miradi ichague mapema dosari zinazoweza kumalizwa kwa siku moja, ili mtu asitoke hapo na kazi ya nusu.

Sharti kubwa kuliko yote ni lile la mwezi unaofuata. Siku moja huwasha hamu tu, na hamu hupoa. Waelekezi wawili watatu wajifunge kurudi kila mwezi, meza ile ile, kufuatilia mapendekezo yaliyokwama na kumpokea mgeni mpya. Mwaka ukiisha, tusiulize watu wangapi walihudhuria kongamano. Tuulize wangapi kati yao wamepokelewa mchango, wangapi wamerudi kuchangia tena, na wangapi sasa wanawaelekeza wengine. Maswali hayo matatu yana majibu ya wazi, kwa sababu historia ya msimbo huria haifichwi.

Waandaaji wa makongamano yajayo ya Nairobi hutafuta ukumbi miezi mingi kabla. Nawaomba waongeze mstari mmoja katika bajeti: siku ya kuchangia, Ayany. Kampuni za hapa nchini zinazouza huduma zilizojengwa juu ya WordPress, Django na Linux nazo zilipie mstari huo, kwa kuwa mavuno wanayouza hawakuyapanda wao. Walimu wakuu na wachungaji watufungulie milango na kutupa bei ya haki. Na nyinyi vijana wa mtaa huu, msingoje ukumbi. Tafuteni mwenzenu mmoja, chagueni programu mnayoitumia kila siku, someni orodha ya dosari zake wiki hii, mjaribu moja. Tumekula kutoka shamba hili kwa miaka mingi. Kulilima ni haki yetu, na ni deni letu.